Baba Anabisha Hodi Nyumbani Kwake

Jumatatu. Julai ndiyo kwanza inaanza.

Bariadi asubuhi hii ina kaubaridi ka kudanganya, kale kanakokuvalisha sweta saa moja na kukuvua saa nne. Upepo umeamka kabla yangu. Vumbi limeingia kwenye chai hata kabla ya sukari. Mwili unauma kama wa mtu aliyelima heka nzima kwa jembe la mkono, kumbe nilichofanya Jumamosi ni kusimama tu mbele ya mlango.

Juzi nilikuwa na hasira. Jana nilikuwa na aibu. Leo nina kitu ambacho sijakipatia jina, na nisipokiandika kitanisumbua wiki nzima.

Kwa wageni wa blogu hii: mimi ni msanii wa maonyesho ya mtu mmoja. Sichezi filamu, siimbi, sichekeshi. Nasimama mbele za watu na mwili wangu ndio unaosimulia, maneno yakiwa machache sana au hayapo kabisa. Kule Bagamoyo nilikosomea sanaa hii ina jina refu. Nyumbani kwetu Ngulyati, hapo tu nje ya mji, wanaiita ngoma isiyo na ngoma. Jirani mmoja aliwahi kumuuliza mama kama ni kweli nilisomeshwa miaka yote ile ili nijifunze kunyamaza. Mama alimjibu kwamba hata hilo sijafaulu.

Onyesho langu la sasa nimeliita Nyumba Isiyoitika. Linahusu vita vya Kagera, ila hakuna mizinga ndani yake wala wimbo wa ushindi. Linahusu nyumba zilizobaki tupu watu walipokimbia. Natokea mbali nimevaa koti zito na buti, mzigo kichwani. Mbele yangu ipo fremu ya mlango peke yake, bila ukuta. Nabisha hodi. Hakuna anayeitika. Nabisha tena kwa sauti ya askari, kisha kwa sauti ya mtoto aliyepotea, kisha kwa sauti ya mtu aliyechelewa sana. Mwisho natua mzigo, nakaa nje ya mlango, nawapa watu mgongo. Basi.

Dar walilipokea vizuri. Walikaa kimya mpaka nikasikia feni ikizunguka juu ya kichwa changu, na mama mmoja wa mstari wa mbele alilia bila kujificha. Nilirudi Bariadi nimevimba kichwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilijiambia, na mimi ndiye mwenye kimya hicho. Jumamosi ijayo nalipeleka Mwanza.

Lakini hodi ile si yangu. Ni ya baba.

Baba alikwenda vitani akiwa kijana, kabla hajamwoa mama. Alirudi na mikono yote miwili na miguu yote miwili, na watu wakasema amerudi mzima. Wakamchinjia dume. Akajenga nyumba, akaoa, akalima pamba kama kila mtu. Mimi nilipoanza kupata akili nilimkuta ni baba kama baba wengine, mkali kidogo, mpenda maziwa ya mgando, mtu wa kuamka kabla ya jogoo. Isipokuwa jambo moja.

Kila jioni akirudi kutoka shambani, au mnadani, au hata kutoka zizini pale pale uani, alisimama mbele ya mlango wa nyumba aliyoijenga kwa mikono yake na kusema hodi. Mlango ukiwa wazi. Sisi tukiwa tunaonekana ndani. Alisimama akangoja, na asipoitikiwa hakuingia.

Sisi watoto tuliona ni mchezo. Ah, jioni zile! Msimu kama huu pamba ilijaa chumba cha mbele mpaka karibu na dari, ikingoja kupelekwa kuuzwa, na sisi tulilala juu yake. Hakuna godoro nililolalia tangu hapo lililofikia ile pamba. Ilikuwa na joto lake na harufu yake, jua na majani makavu na vumbi kidogo. Mama alikuwa jikoni na michembe, viazi vile vilivyokaushwa, akivichemsha na karanga, na sisi tukisikia buti za baba uani tuliporomoka kutoka juu ya pamba tukigombania nani awe wa kwanza kuitika. "Karibu baba!" Aliyetangulia alipata kumvua kofia. Kaka zangu walikuwa na miguu mirefu lakini mimi nilikuwa na sauti, kwa hiyo mara nyingi kofia ilikuwa yangu.

Kuna siku walikuwa wamegombana, yeye na mama, ugomvi wa kweli, wa kutosemeshana tangu asubuhi. Jioni akabisha hodi. Mama alikuwa anasonga ugali kwa hasira, mwiko unagonga sufuria, na akaitika bila kugeuka, "Karibu." Kisha akaendelea kutomsemesha mpaka kesho yake. Nimeishi na watu wengi tangu hapo, na sijaona heshima kubwa kuliko ile.

Siku moja tulikwenda wote msibani Kasoli, yeye akabaki na ng'ombe. Mvua ikanyesha. Tuliporudi tulimkuta amekaa nje kwenye gogo, amelowa chapachapa, anatetemeka, na mlango hata komeo halikuwa limefungwa. Mama alipita ndani haraka, akageuka, akasema karibu, naye ndipo akanyanyuka akaingia. Siku hiyo niliacha kuona ni mchezo.

Nilimuuliza nikiwa darasa la nne. Tulikuwa wawili tu, tunatembea nyuma ya ng'ombe. Akasema kwamba huko ng'ambo ya mto Kagera aliwahi kubisha hodi nyumba moja, na hawakuitika.

Sentensi hiyo moja nimeibeba mpaka nimezeeka nayo. Ndiyo niliyoijengea onyesho zima.

Siku hizi kaka zangu wako Mwanza na Shinyanga, mimi niko mjini hapa, na pamba hailali tena chumba cha mbele maana kuna stoo ya bati. Anayeitika ni mama peke yake. Jumapili akichelewa kanisani, majirani wanamwona mzee amekaa nje ya nyumba yake mwenyewe, kofia magotini, na wamezoea. Watoto wote tuliokuwa tukikimbilia mlango ule tumeondoka.

Nilipotaka kulileta onyesho Ngulyati nilimwendea kwanza baba, nikamweleza lote, pamoja na hodi. Akasikiliza huku anachonga mpini wa jembe. Akasema nicheze, yeye ataona. Mama alinisindikiza mpaka barabarani na kuniambia kwamba baba akiondoka katikati nisimfuate, na nikimkuta nyumbani nisimuulize.

Nilichotaka ni kimoja. Nilitaka baba aone mpaka mwisho, kisha aniambie kama nimeiona nyumba ile sawasawa. Nilichoogopa nacho ni kimoja: kwamba ataumia, atafunga mdomo, na hata ile sentensi moja aliyonipa nitakuwa nimeipoteza.

Basi Jumamosi.

Uwanja wa shule ulijaa, maana mavuno yameisha na watu wana nafasi. Nilipangiwa kuanza mimi, kabla ya Bagalu na Bagika. Kwa asiyewajua, hawa ni mahasimu wa ngoma tangu enzi za mababu. Wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake wa uwanja, na umati ukikuhama umeshindwa. Kwa hiyo watu wa kwetu hawana ile adabu ya ukumbini ya kukaa mpaka mwisho hata kama wamechoka. Wakichoka nawe wanaondoka, na wala hawaoni kwamba wamekukosea.

Nikatokea upande wa madarasa na koti langu na mzigo wangu, natembea taratibu. Mwanzoni walitulia. Kisha Bagika, upande wa pili, wakaanza kujaribu ngoma zao, na kwa pembe ya jicho nikaona umati unameguka. Vijana kwanza, halafu akina mama wenye watoto mgongoni. Baba na mama walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya ukuta wa darasa, nao hawakusogea.

Nikafika mlangoni. Nikabisha hodi.

Uwanja mzima ukaitika, "Karibu!"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo, na mpaka sasa sielewi kwa nini. Nimezaliwa pale. Najua kwamba kwetu hodi haiachwi bila jibu. Hata mgonjwa kitandani ataitika. Dar watu walijua kwamba wako kwenye sanaa. Ngulyati walichojua ni kwamba kuna mtoto wa mtu amesimama mlangoni na mzigo kichwani.

Nikabisha ya pili, ile ya kiaskari. Karibu, pita ndani! Waliokuwa wameelekea kwenye ngoma wakaanza kurudi kuona ni mgeni gani. Ya tatu, ile ya mtoto aliyepotea, iliyomliza mama wa Dar, iliitikiwa na wanawake wote kwa pamoja na kwa huruma ya kweli. Nikabisha ya nne. Hapo wakaanza kukasirika. Nikamsikia mzee mmoja akimuuliza mwenzake kama huyu binti masikio yake ni mazima.

Onyesho lote limesimama juu ya ukimya, na ukimya wangu ulikuwa umechukuliwa na watu wema.

Ndipo akanyanyuka Mayu Kabula, yaani Mama Kabula. Ni jirani yetu wa siku nyingi, mjane, rika la mama, mtu asiyependa mambo yakae nusu. Alibeba kigoda chake mwenyewe, akaizunguka ile fremu ya mlango, akakaa upande wa ndani na kuniangalia kama mtu anavyomwangalia binti aliyekuja kusalimia baada ya kupotea muda mrefu.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma. "Tumekukaribisha muda wote huu. Lete huo mzigo."

Akanyanyuka, akaninyooshea mikono yote miwili, akanitua mzigo kichwani, kama mgeni yeyote anavyopokelewa.

Nikatazama kule ukutani. Baba alikuwa amesimama. Kofia ilikuwa mkononi. Mayu Kabula aliporudia "karibu" kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye, baba aligeuka akaondoka, akapita katikati ya Bagika bila kuwaona, akashika njia ya nyumbani. Mama alibaki kwenye kiti chake. Alinitazama, akatikisa kichwa: usimfuate.

Ningefanya nini? Niliingia. Nikakaa chini kando ya Mayu Kabula, akanipa maji kwenye kikombe cha plastiki, vigelegele vikapigwa, na watu wakaenda zao kwenye ngoma wameridhika kabisa kwamba mgeni amefika salama.

Nilijifungia darasani nikavua buti na kulia kwa hasira. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, lakini mwenyeji huyu alikuwa ameniua. Nilimlaani Mayu Kabula na kigoda chake. Nililaani akili yangu iliyoleta kazi ile pale. Na chini ya hasira yote kulikuwa na baba, mgongo wake, akipita kwenye ngoma bila kuziona.

Nilipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Baba alikuwa uani kwenye turubai, anachambua pamba iliyobaki, safi upande huu, na fifi, ile yenye madoa na uchafu, upande ule. Nilikumbuka agizo la mama. Sikuuliza. Nilivua viatu nikakaa mbele yake na kuanza kutoa fifi, kama nilivyofanya kila Julai ya utoto wangu. Vidole vinakumbuka. Tulichambua muda mrefu, na nitasema ukweli, pamoja na hofu yote nilikuwa na raha ya ajabu ya kuwa mtoto wake tena.

Kisha akasema, bila kuinua macho, "Siku ya kwanza waliitika."

Niliacha kuchambua.

Alinisimulia polepole, akirudia rudia baadhi ya mahali. Walikuwa askari watatu wanapita kijiji kilichohamwa. Nyumba zote zilikuwa wazi, vitu vimetawanyika njiani, kiatu cha mtoto, sufuria, godoro. Wakafika nyumba moja yenye moshi. Yeye akabisha hodi, kwa mazoea tu, jinsi alivyolelewa, na wenzake wakamcheka kwamba tangu lini vita vikabisha hodi. Sauti ikatoka ndani ikasema karibuni.

Alikuwa bibi mmoja. Miguu imevimba, hawezi kutembea. Wanawe walikuwa wamekimbia na watoto, na yeye ndiye aliyewaambia wamwache. Alikuwa na ndizi jikoni. Akawapakulia wote watatu, na baba bibi akamwita kwa jina la mwanawe mmoja. Jina hilo baba alinitajia. Siliandiki hapa, lina mwenyewe. Wenzake walitaka kumsahihisha bibi, baba akawakataza. Akaitika jina lile, akala ndizi, na wakati wa kuondoka akamwambia bibi kwamba atarudi.

Na alirudi. Ilipita miezi mingi, vita vimekwisha, akaomba gari limshushe barabarani akatembea mpaka pale. Nyumba ilikuwa imesimama. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akabisha hodi. Akabisha tena. Akasimama mpaka gari likampigia honi.

"Sikuingia, Minza," akasema. "Mpaka leo sijui kama alikuwa amekufa mle ndani, au amelala, au wanawe walikuja kumchukua. Ningeingia ningejua. Niliogopa kujua."

Nilimuuliza kwa nini enzi zile aliniambia nusu. Akasema nilikuwa mtoto, akanipa ile nusu niliyoweza kuibeba. Halafu akarudi kwenye pamba, akatoa fifi moja, akaiangalia, akaiweka upande wake. Akasema kwamba uwanjani aliposikia watu wanaitika alivumilia, lakini yule Mayu Kabula alipokaa ndani na kusema karibu kwa sauti ile ya chini, hakuweza tena kubaki pale. Hakukasirika. Nisidhani alikasirika. Alikwenda nyumbani kwa sababu hakutaka watu wamwone analia.

Jana ndiyo aibu ilipokuja. Nimezunguka na nyumba isiyoitika, nimepigiwa makofi kwa ajili yake, na kumbe nimemfuta bibi mzima. Watu wa Ngulyati, bila kujua lolote, walimrudisha kwa kigoda. Baada ya misa nilimpitia Mayu Kabula nikamshukuru. Aliniambia nisijali, mtu yeyote angefanya hivyo, na akaongeza kwamba siku nyingine nikaribishwe nisibishe sana, si adabu.

Jioni nilipokuwa nafunga begi kurudi mjini, baba aliniuliza kama kule Mwanza, mle ukumbini, watu huwa wanaitika. Nikamwambia hapana. Kule wanakaa kimya, wamelipa kiingilio wakae kimya.

Akasema, "Basi mimi nitakaa ndani ya mlango. Niitike mimi."

Mama aliacha kufunga karanga alizokuwa ananifungia. Baadaye alinivuta pembeni akaniambia kwamba baba hajalala vizuri tangu Jumamosi, kwamba mbele za watu wageni anaweza kukaa pale ndani na sauti isitoke. Najua. Nilimwona akipita kwenye ngoma. Lakini asubuhi hii amenipigia simu mapema kuuliza basi la Mwanza linaondoka saa ngapi na kama avae kofia au asivae. Sauti yake ilikuwa ya kijana. Sikuweza kusema hapana, na sikutaka.

Kwa hiyo Jumamosi itakuwa hivi. Mimi nitakuwa yeye, nje, na koti lile zito. Yeye atakuwa bibi, ndani, gizani kidogo. Nitabisha hodi. Nimeshaamua kwamba zile sauti nne nazitupa, nitabisha kwa sauti yangu tu, ile aliyokuwa akiisikia akirudi kutoka shambani.

Na kama akishindwa kuitika? Nimejiuliza hilo tangu alfajiri, chai imepoa, vumbi limetua juu yake. Ukumbi utakuwa kimya. Watu watadhani ndiyo sanaa yenyewe. Nitakuwa nimesimama pale pale aliposimama yeye, mlango umerudishwa tu, na ndani kuna mtu ambaye sijui ana hali gani.

Nitaingia.